Chupa ya Dola Arobaini

Mdogo wangu alinionya: "Kaka, sokoni kule usitoe hela kabla hujanipigia." Sikupiga. Jumamosi yangu ya pili Washington, kwenye soko la vitu vya kale, nilimkuta mzee amepanga mezani chupa za dawa za zamani. Moja ilikuwa buluu iliyokolea, ubavuni imechomoza jina la daktari fulani. Mzee akasema imepita miaka mia. Dola arobaini. Mimi, mtoto wa Tanga, niliyezoea kumbana muuza samaki mpaka aape, nilitoa noti mbili za ishirini bila hata kuguna.

Nikapanda treni kwenda Alexandria, Virginia, chupa nimeipakata. Kahawa ya stesheni peke yake ingenilisha wali na samaki siku mbili Ngamiani, lakini tuyaache.

Nilikuwa nalifuata duka la dawa la Stabler-Leadbeater, Mtaa wa South Fairfax. Edward Stabler alianza biashara hiyo mwaka 1792, na ukoo ukaiendesha hadi 1933, uchumi ulipoanguka. Vitu vikabaki rafuni, na leo ni makumbusho. Ghorofani kuna droo za mbao zenye majina ya mizizi na magome. Moja imeandikwa Damu ya Joka. Nilishtuka, kumbe ni utomvu mwekundu wa mti. Miti ya namna hiyo ipo hata kisiwa cha Sokotra, huku huku kwenye bahari yetu.

Nikamwonyesha mama anayetembeza wageni chupa yangu, kifua mbele. Hakusoma hata jina. Aliigeuza, akaniambia nipitishe ukucha kwenye mshono wa ubavuni. Ukucha ukapanda begani, ukapanda shingoni, ukavuka mdomo. Akatabasamu kwa huruma, na mimi nikajua nimekwisha.

Zamani, akaeleza, kioo kilipulizwa kwa pumzi ndani ya kalibu, halafu mdomo ukamaliziwa kwa mkono, ndiyo maana mshono hufia shingoni. Mshono unaopanda hadi juu ni kazi ya mashine, na mashine ya Michael Owens iliyoweza kutengeneza chupa nzima yenyewe ilikuja 1903. Yangu, kwa macho yake, ilikuwa pambo la miaka ya 1970. Watu husema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi mbuzi nilimwona mchana kweupe, nikamshika na pembe.

Nilipouliza kama ningedai hela zangu, alicheka. Hata chupa za kweli zilibeba uongo. Zikiitwa dawa za hataza, yaani zenye haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa serikalini, na nyingi hazikuwa na hataza yoyote, kwa sababu kuiomba kungewalazimu wenye dawa kutaja kilichomo. Walichosajili ni jina na nembo. Dawa ya akina mama ya Lydia Pinkham wa Lynn, Massachusetts, ilikuwa na kilevi karibu sehemu moja ya tano. Sharubati ya Mrs. Winslow, ya kutuliza watoto wanaoota meno, ilikuwa na mofini, dawa kali ya maumivu inayolevya na kulaza. Sheria ya mwaka 1906 ndiyo iliyowalazimisha kuandika vitu hivyo kwenye lebo.

Mofini kwa mtoto wa miezi sita! Nikawakumbuka wamama wa mtaani kwetu wanaosifu dawa fulani kwa sababu moja tu: mtoto analala.

Kilichonishika zaidi kilikuwa karatasi ndogo. Aprili 1802 Martha Washington, mjane wa rais wao wa kwanza, alituma mtu kwa Stabler akachukue chupa moja kubwa, karibu lita nzima, ya mafuta bora ya nyonyo. Mafuta ya nyonyo! Yale yale ambayo bibi alitubana pua kutunywesha likizo ikikaribia kwisha, kutoka kwenye chupa ya Konyagi iliyozibwa kwa gunzi. Nilisimama pale nikahisi ladha yake kooni.

Siku nyingine za Marekani sina la kusimulia, nilikuwa ndani nikiogopa baridi.

Nyumbani mama aliigeuza chupa ile kama yule wa makumbusho. "Arobaini ya kwao?" Nikaitikia. Hakusema neno. Asubuhi niliikuta jikoni imejaa mafuta ya nazi. Kizibo haikuwa nacho, kwa hiyo alikuwa amekaa kwenye mbuzi, kisu mkononi, anachonga gunzi.