Ruhusa Ifike na Jikoni

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh, mama zangu na dada zangu wa Lamu.

Bibi Fatima (r.a.) alikwenda kwa babake, Mtume (s.a.w.), kushtakia mikono iliyoumizwa na jiwe la kusagia. Alitaka mtumishi. Akafundishwa, yeye na mumewe, waseme kabla ya kulala Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33 na Allahu Akbar mara 34. Nami hupendezwa kwamba hakukemewa. Uchovu wa jikoni ulisikizwa.

Wamo kati yetu wenye maradhi ya Parkinson. Mkono hutetemeka, mwili hukaza, kazi ya dakika tano hula saa nzima, kwa sababu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, zinakufa. Si uvivu. Wala si jini, jamani.

Sahaba Imran bin Huswein alipokuwa mgonjwa aliambiwa na Mtume: sali umesimama, usipoweza, umekaa, usipoweza, kwa ubavu. Ikiwa sala ina ruhusa ya kukaa, chapati itakosaje? Sukuma umekaa. Nazi mwachie mtoto mkubwa akune, maana mbuzi ina meno na mkono hautulii. Kikombe kijaze nusu. Kazi nzito iweke saa ile dawa inapofanya kazi vizuri. Wanaotumia levodopa, dawa ya Parkinson, wamuulize daktari kuhusu saa za kula, kwani samaki, nyama na maharagwe vikiandamana nayo huweza kuipunguza nguvu.

Tena nyumba zetu za Mkomani, vizingiti na ngazi! Mlangoni ndipo miguu inapogoma, imenata chini. Wengi husaidiwa na mdundo: simama, vuta pumzi, kisha anza kwa hesabu. Anayependa na atembee kwa tasbihi, Subhanallah mguu wa kulia, Alhamdulillah wa kushoto. (Mlango wa choo, moja mbili yatosha.) Aliye nyuma asimsukume.

Na nyinyi baba mtakaosomewa haya: Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Basi ndoo ya maji ipandishe juu kabla hujaenda kukaa barazani. Ila ufagio usimpokonye akiwa bado auweza. Muulize kwanza ni kazi gani angependa akuachie.