Kupunguza slaidi kabla ya kwenda Hombolo

Mafaili ya slaidi tunayorithishana maofisa ugani hapa Dodoma hunenepa kila msimu. Hili la zabibu lina kila kitu, mpaka korosho na nembo za mradi uliokwisha. Wakulima wa Hombolo wanataka kupogolea tu. Huku zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mkasi ndio unaoamua.

Kwenye Google Slides sifuti moja moja. Katika safu ya slaidi ndogondogo upande wa kushoto nabofya ya kwanza, nashikilia Shift, nabofya ya mwisho: za katikati zote zinashikwa. Zikiwa zimetawanyika, nashikilia Ctrl na kuzichagua ninazozitaka. Kisha Delete. Ila kielekezi kisiwe ndani ya maandishi, utafuta herufi badala ya slaidi. Ctrl na Z hurudisha. Hata ukishafunga, historia ya matoleo ipo kwenye menyu ya faili.

Slaidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, siifuti, naificha tu. Haitaonekana ukutani, lakini mzee akiuliza, ipo. Na kazi hii naifanyia kwenye nakala, maana faili ni la wote na bwana shamba mwenzangu wa Mpunguzi ana wivu na picha zake.