Saa za zamu na karatasi za cheo

Wiki hii kuna jambo limenikaa kichwani kuhusu madaktari bingwa wa tiba ya dharura wanaofundisha. Sehemu kubwa ya ualimu wao inafanyika mahali ambapo haiandikwi na yeyote. Mhadhiri wa fiziolojia akisimama darasani saa mbili, ratiba inashuhudia na karatasi ya mahudhurio inashuhudia. Bingwa wa dharura anafundisha mara kumi kwa usiku mmoja, dakika nne kitanda hiki, dakika sita kile, na kukicha kinachobaki ni uchovu. Halafu siku ya kuomba kupandishwa cheo chuoni kamati inamuuliza: umefundisha nini?

Kwa Tanzania swali hilo ni gumu zaidi kwa sababu fani yenyewe bado changa. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura ilifunguliwa hospitali ya taifa ya Muhimbili Januari 2010, chuo kikuu cha afya cha hapohapo, MUHAS, kikaanza shahada ya uzamili mwaka huohuo, na mabingwa wa kwanza waliosomea hapahapa wakamaliza 2013. Walimu wengi wa leo ni wanafunzi wa juzi. Juu yao hakuna safu ndefu ya maprofesa wa dharura wa kuwaambia hapa usikanyage, pana shimo. Cincinnati, Marekani, mafunzo ya ubingwa huu yalianza 1970. Wenzetu wana nusu karne ya makosa ya kujifunzia. Huku mtu anajieleza mbele ya watu wa upasuaji na magonjwa ya ndani, ambao raundi zao zina saa maalumu na ufundishaji wao unaonekana.

Nianze na dakika nne zenyewe, maana ndizo mzizi. Kijana ameletwa fahamu zimepungua, ndugu wanasema ana homa tangu jana. Interni, daktari mpya aliye kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, anakuja: "Dokta, nadhani ni malaria kali." Mwalimu aliyechoka anamkatiza na kuanza kutoa maagizo. Kazi inaisha haraka, na interni hajifunzi lolote. Mwalimu anayejua kazi anauliza, "Nini kimekufanya ufikie hapo? Na nini kingine kinaweza kumweka mtu hivi?" Maswali haya yanaulizwa huku muuguzi tayari anatoboa kidole cha mgonjwa. Ualimu haumcheleweshi mgonjwa hata sekunde. Kipima sukari kinasoma 2.1, sukari imeshuka mno. Inaingia deksitrosi, maji ya sukari, ya asilimia 50, mililita 50, polepole, kwenye mshipa uliohakikiwa, kwa sababu maji hayo mazito yakivuja nje ya mshipa yanaunguza nyama.

Hapo ndipo inapotolewa kanuni moja, na iwe moja tu: kila aliyebadilika fahamu, sukari inapimwa sambamba na kuangalia njia ya hewa, pumzi na mzunguko wa damu, haisubiri majibu ya maabara. Kisha sifa iwe ya kitu kinachoonekana: "Umemlaza ubavu kabla ya kuniita, ndivyo inavyotakiwa." Neno "safi sana" halimwambii mtu arudie nini kesho. Mwisho, kosa linatajwa, pembeni, mbali na masikio ya ndugu wa mgonjwa. Na hapa kuna utamu wake: malaria kali yenyewe hushusha sukari, kwa hiyo interni huenda hakukosea ugonjwa. Alisimama kituo kimoja kabla ya mwisho wa safari. Mwalimu akimwambia hivyo, kesho ataendelea kufikiri. Akimwambia "umekosea", kesho atanyamaza asubiri kuambiwa.

Mfumo huu wa hatua tano, yaani kumtaka mwanafunzi ajitoe kwa jibu, kuuliza sababu, kanuni moja, sifa mahususi na sahihisho, umeandikwa tangu 1992 na ulizaliwa kwenye tiba ya familia. Unaifaa idara ya dharura kwa sababu ni mfupi. Unaharibika pale mwalimu anapoona amepata nafasi na kumwaga mhadhara wa robo saa kuhusu sukari, wakati gari la wagonjwa linaingia getini.

Sasa karatasi. Dakika hizo nne zikiisha, sekunde ishirini za kuandika kwenye simu zinatosha: tarehe, mada, mwanafunzi wa ngazi gani, dakika ngapi. Jina la mgonjwa lisiwemo kamwe, wala namba ya faili. Mwisho wa mwezi rekodi hizo zinajumlishwa kwenye jalada la ufundishaji, pamoja na tathmini za wanafunzi, maandalio ya masomo, na maoni ya mwenzako aliyekaa pembeni akakuangalia ukifundisha. Hilo la mwisho wengi hulikwepa kwa haya, na ndilo lenye uzito, maana wanafunzi hupenda pia mwalimu mcheshi asiyefundisha kitu. Kuandika jalada lote wiki moja kabla ya kuomba cheo hakufai; kumbukumbu hutunga, na kamati huona.

Ufundi wa mikono una taratibu zake. Kufundisha kuweka mrija wa kifua, kwa mfano, huenda hatua nne: mwalimu anafanya kwa kasi ya kawaida akiwa kimya, anarudia polepole akieleza kila tendo, anafanya tena, safari hii mwanafunzi ndiye anayemwelekeza kwa maneno, kisha mwanafunzi anafanya mwenyewe akisema anachofanya. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa kila mara. Inaonekana kupoteza muda, kumbe ndiyo inayofichua kwamba mwanafunzi hajui kwa nini chombo kinapita juu ya ukingo wa ubavu wa chini: mishipa ya damu na ya fahamu imejificha chini ya ubavu wa juu yake.

Wala mwanasesere wa bei mbaya si lazima. Mbavu za mbuzi kutoka buchani zinafundisha mrija wa kifua vizuri tu, na mguu mbichi wa kuku unafundisha kutoboa mfupa kwa ajili ya kupitisha dripu. Mkono unausikia ule mlegeo sindano inapoingia kwenye uboho. Asubuhi ya mazoezi, nyama inunuliwe mapema na meza ifunikwe nailoni. (Na isirudishwe jikoni, hata kama inaonekana nzima.)

Mazoezi ya kuigiza dharura yakifanyiwa ndani ya idara yenyewe, kwenye kitanda halisi, yana faida nyingine. Igizo la dakika 10, mazungumzo baada yake dakika 20. Wanaoyapunguza hayo mazungumzo wamebaki na mchezo. Ndani ya igizo ndimo inapogundulika kwamba taa ya laringoskopu, chombo cha kutazamia koo, haiwaki, betri zimekwisha, au mashine ya kufyonza ipo lakini mpira wake umefungiwa kwenye kabati ambalo funguo anazo mtu aliyekwenda likizo. Mwalimu mwerevu anaona hapo somo, na pia anaona utafiti: ni mara ngapi vifaa vilikosekana kabla na baada ya orodha ya ukaguzi wa kila zamu?

Lakini pole kwa anayeanza kukusanya takwimu kesho asubuhi. Kibali cha maadili huombwa kwanza, chuoni na, inapotakiwa, kwenye taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR. Takwimu zilizokusanywa kabla ya kibali haziponi kwa kibali cha baadaye. Kazi nzuri nyingi za ualimu zimefia hapo: tathmini za wanafunzi za miaka mitatu, zimejaa sandukuni, hazichapishiki. Basi kibali kiombwe kozi ikiwa bado ni muhtasari wa kurasa mbili. Na nafasi kwenye orodha ya waandishi izungumzwe siku ya kwanza, maana jina la kwanza na jina la sita hayalingani machoni pa kamati. Jarida la tiba ya dharura la Afrika lipo tangu 2011, na maswali ya idara zetu ndiyo kazi yake.

Ngazi yenyewe inajulikana: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kinachowachanganya watu ni kwamba wodi moja ina waajiriwa wa hospitali na waajiriwa wa chuo. Wote wanafundisha interni yuleyule usiku uleule, ila mmoja anapanda ngazi hiyo na mwingine anapewa barua ya uhadhiri wa heshima. Barua hiyo isidharauliwe, ila ifahamike inatoa nini na haitoi nini.

Kozi ya huduma za msingi za dharura ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka 2018, ni mlango mzuri kwa bingwa kijana. Anayefanya vizuri huweza kuandaliwa kuwa mkufunzi, na kuzungukia hospitali za wilaya kunajenga jina. Hatari yake ni mtu kugeuka mkufunzi wa semina, yuko njiani kila wiki, na maresidenti wake, madaktari wanaosomea ubingwa, wanamsikia redioni.

Mtego mkubwa zaidi ni uratibu wa mafunzo. Hupewa yule anayependa kufundisha, na ndani ya mwaka anapanga ratiba za zamu, anatafuta wasimamizi wa tasnifu, anasuluhisha waliogombana kwenye makabidhiano ya asubuhi, na hafundishi tena. Zamu zake za usiku ziko palepale. Kabla ya kusaini kuupokea, swali la kumwuliza mkuu wa idara ni fupi: zamu ngapi zinapungua kwa mwezi, na limeandikwa wapi?