Nyumba Huondoka, Kiwanja Hubaki: Kiangazi cha Gunungkidul, Java

Treni ya Jakarta hadi Yogyakarta hukata kilomita kama 510 kwa saa sita hadi nane, ikitegemea umepanda ipi. Upana wa reli ni milimita 1,067, sawasawa na TAZARA, na aliyezoea mwendo wa Dar hadi Kapiri Mposhi ataona reli ya kipimo kile kile inavyoweza kukimbia ikitunzwa. Jina la kwenye tiketi lifanane herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti, maana linakaguliwa getini kabla hujaingia kituoni. Angalia pia unashukia wapi: treni nyingi za daraja la chini husimama Lempuyangan, za daraja la juu husimama Tugu. Vyote viko mjini. Kutoka hapo nilikwenda stendi ya Giwangan, nikapata basi dogo la Wonosari, makao makuu ya wilaya ya Gunungkidul, safari ya kilomita kama 40.

Barabara inapita tambarare kati ya majaruba ya mpunga hadi Piyungan, halafu inaanza kupanda kuelekea Patuk. Wengi hukodi pikipiki mjini badala ya basi, na kwa kuwa Indonesia wanaendesha kushoto kama kwetu, mtu hujiona yuko nyumbani. Hatari iko kwenye kurudi. Skuta za kule hazina gia za kubadilisha, hivyo dereva hana gia nzito ya kumsaidia mteremkoni. Anakamata breki mfululizo, zinapata moto, mwisho hazishiki tena. Njia ya mkato ya Cinomati, kati ya Dlingo na Pleret, ina sifa mbaya kwa jambo hilo. Ukisikia harufu ya kuungua, simama kando uziache zipoe zenyewe, kisha ushuke taratibu ukizikamata na kuziachia. Petroli jaza Wonosari. Mbele ya hapo utauziwa kwenye chupa za lita moja, dukani kando ya njia.

Kusini mwa Wonosari ndiko kwenye Gunung Sewu, yaani milima elfu, eneo ambalo UNESCO ililiingiza kwenye orodha yake ya hifadhi za kijiolojia mwaka 2015. Ni vilima vya chokaa, vya mviringo, vimebanana kama mafuta ya nazi yaliyoganda kwa mabonge. Mvua ikinyesha haikai juu. Inazama kwenye nyufa na kwenda baharini kwa mito ya chini ya ardhi. Udongo mwekundu uliobaki ni mchache, umezuiwa kwa kuta za mawe mkulima alizopanga mwenyewe. Nilikwenda Septemba makusudi, kwa sababu masika wageni huona kijani tu na kuondoka na picha isiyo kweli.

Mgeni akifika uani husema *kula nuwun*, na aliye ndani hujibu *mangga*. Ni hodi na karibu, hakuna tofauti hata ya sauti. Mzee anaitwa Mbah, mtu mzima Pak akiwa mwanamume au Bu akiwa mwanamke, kijana Mas au Mbak vivyo hivyo. Ukipita mbele ya watu waliokaa unainama kidogo na kusema *nuwun sewu*, mkono wa kulia ukitangulia. Halafu, kabla hujatua mzigo vizuri, nakala ya pasipoti ipelekwe kwa Pak RT, mkuu wa kundi la nyumba za ujirani, maana mgeni anayelala huripotiwa ndani ya saa 24. Mtanzania atamwelewa haraka: ni balozi wa nyumba kumi. Mpango huo uliletwa na Wajapani walipoikalia Java kati ya 1942 na 1945, na haukuondoka tena. Usiukwepe. Ukiugua usiku, ukigongwa na pikipiki, wa kwanza kuhangaika ni Pak RT.

Nilichokwenda kukitazama ni mali, na mtu wa pwani ana macho ya kuiona. Unguja mkarafuu unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mwingine. Mombasa kuna mitaa mizima ya nyumba bila ardhi. Gunungkidul wamelifikisha jambo hilo mbali zaidi: kiwanja, nyumba, miti, mazao na ng'ombe, kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe, na kila kimoja kinauzwa peke yake. Hata sheria ya ardhi ya Indonesia, namba 5 ya mwaka 1960, imejengwa juu ya mila hiyo ya kutenganisha ardhi na kilicho juu yake.

Nyumba kwanza. Ile ya heshima ni *joglo*. Katikati ina nguzo nne, *saka guru*, zimekaa juu ya mawe yaliyochongwa yaitwayo *umpak*. Hazikuchimbiwa. Juu ya nguzo boriti zimepandana ngazi kwa ngazi, na kutoka hapo makombamoyo hushuka pande zote. Mifupa hiyo yote imeshikana kwa ulimi na tundu na vigingi vya mti, bila msumari. Kuta, ziwe mbao au *gedhek*, yaani mianzi iliyosukwa, hazibebi paa. Ni pazia tu. Kwa hiyo fremu ikitikiswa hucheza na kurudi mahali pake. Tetemeko la tarehe 27 Mei 2006, lililoupiga zaidi ukanda wa Bantul na Klaten, liliua zaidi ya watu 5,700, na wengi waliangukiwa na kuta za matofali yasiyofungwa kwa nondo. Inaniuma kuona familia zikiuza joglo la babu ili zijenge sanduku la tofali lenye nguzo nyembamba za zege. Lakini paa la joglo linataka mikono mingi kulitunza, na vijana wako Jakarta wanauza supu ya *bakso*.

Kuivunja nyumba ya namna hiyo ni kazi ya fundi seremala na wasaidizi wake, na inaanza kwa alama, nyundo baadaye. Kila ulimi na kila tundu hupewa alama ya upande wake: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Hapo ndipo uzembe huharibu kila kitu, kwa kuwa viungo vilichongwa kwa mkono na ulimi wa nguzo moja hauingii vizuri kwenye boriti ya nyingine. Vigae huteremka kwanza, watu wakipokezana. Zinafuata fito, makombamoyo, boriti za ngazi, na nguzo nne mwisho kabisa. Kusimamisha ni kinyumenyume.

Anayenunua aanze kukagua kisigino cha nguzo. Pale mti unapokutana na jiwe unyevu hukaa, na mchwa huja na unyevu. Muuzaji mjanja hukata sehemu iliyooza, nguzo ikafupika, kisha huinua jiwe ili paa lionekane sawa. Pima nguzo zote nne, usipime moja. Pitisha ukucha chini ya boriti, mahali ambapo brashi ya rangi haikufika: mtiki wa kweli una mafuta na harufu kama ya ngozi, na wa zamani haung'ai. Mfenesi ni wa manjano, nao ni mti mzuri. Mnazi unafaa makombamoyo, si nguzo. Ukikuta alama za mafundi wawili tofauti kwenye fremu moja, ujue umeuziwa nyumba mbili zilizounganishwa.

Miti ndiyo akiba. Zamani vilima hivi vilikuwa vipara, leo mitiki imesimama kwenye viunga na mipaka ya mashamba, na mingi imepandwa na wakulima wenyewe. Hawavuni kwa umri wa mti. Huvuna kwa haja, *tebang butuh*: ada ya shule, harusi, hospitali. Mfanyabiashara anajua kwamba aliyemwita ana shida leo, kwa hiyo bei inashuka, na mti wa unene wa paja unaondoka kabla ya kukomaa. Mwenye busara huuza mbuzi kwanza, ng'ombe baadaye, mti mwishoni.

Ng'ombe ni wenye nundu, rangi nyeupe, na Mgogo angewatambua. Wengi wanalishwa na wasiowamiliki. Mpango unaitwa *gaduh*. Mwenye pesa hununua jike, mwenye nguvu hulilisha, ndama wanagawanywa kwa zamu au kwa kuuza na kukata nusu kwa nusu. Dume la kunenepesha huuzwa, bei ya kununulia inarudi kwa mwenye mtaji, faida inagawanywa. Septemba nyasi zimekwisha, na malori huleta majani makavu ya mpunga kutoka tambarare ya Klaten. Hapo mlishaji anatoa pesa mfukoni mwake, na mapatano ambayo hayakusema nani analipa majani ndiyo yanayovunja udugu.

Kuna desturi moja inayotoka kwenye huruma na ni ya hatari. Ng'ombe akifa au akiwa anakufa, majirani huchanga na kugawana nyama ili mwenyewe asipoteze chote. Huitwa *brandu*. Mwaka 2023 kimeta kilizuka Semanu kwa njia hiyo na watu wakafa. Mbegu za kimeta hukaa ardhini miaka mingi, na kuchinja ndiko kunakozimwaga. Mgeni akiletewa nyama ya bei ya chini isiyo ya kawaida aulize mnyama alikufaje, na akisitasita kujibiwa, ashukuru na asiile.

Ardhi yenyewe ndiyo yenye makaratasi. Familia nyingi zilikuwa na jina tu kwenye daftari la kijiji, *Letter C*. Daftari hilo liliandikwa kwa ajili ya kodi, si hati ya kumiliki. Kanuni ya serikali namba 18 ya mwaka 2021 ilitoa miaka mitano, yaani hadi Februari 2026, karatasi za namna hiyo zisajiliwe. Baada ya hapo ni dokezo tu la kusaidia usajili, si uthibitisho wa haki. Kinachokwamisha ni warithi. Jina la daftarini ni la babu aliyekwishafariki, na saini za wote zinatakiwa, pamoja na shangazi aliyehamia Lampung na mjukuu aliye kazini Malaysia. Ndugu hao wakigawana, wengine hufuata sheria ya Kiislamu, wa kiume mbili wa kike moja, wengine hukata sawa kwa sawa. Matokeo ni vipande vya chini ya nusu hekta. Wazee bado hupima kwa *ru*, kama mita za mraba 14, na ru 500 ni *bau* moja.

Mgeni asidanganywe. Kifungu cha 21 cha sheria ile ya 1960 kinampa umiliki kamili raia wa Indonesia peke yake, na kifungu cha 26 kinasema uuzaji unaomfikishia mgeni ardhi, hata kwa mlango wa nyuma, ni batili na ardhi inarudi serikalini. Kuandikisha jina la rafiki ni kumpa rafiki shamba. Njia halali ni kukodi au haki ya kutumia. Kwenye ukanda wa pwani ya kusini uliza pia kama kiwanja ni cha Usultani wa Yogyakarta, jambo lililotiwa nguvu na sheria namba 13 ya 2012. Anayekaa juu yake huwa na barua ya idhini, na barua haiuziki kama hati. Aliyeweka shamba rehani naye ana kinga: sheria namba 56 ya 1960 inasema shamba lililokaa kwa mkopeshaji miaka saba au zaidi lirudishwe bila kulipwa deni. Maskini wengi hawaijui, au wanaijua na wanaona haya kuitumia.

Maji yalikuwa yamekwisha kwenye matangi ya mvua. Boza la lita 5,000 ndilo kipimo cha maisha ya msimu huo. Watu wanne kwa lita 50 kila mmoja na ng'ombe wawili kwa 35 ni lita 270 kwa siku, hivyo boza moja linafika siku 18. Tangi dogo kuliko boza ni hasara, kwa hiyo majirani huagiza pamoja na kuvuta mpira wa maji. Mvua ya kwanza haipokelewi. Bomba hugeuzwa nje mpaka paa lisafike vumbi na kinyesi cha ndege.

Chakula cha kiangazi kimeanikwa juu ya kuta za mawe: *gaplek*, yaani makopa. Kilo tatu za muhogo mbichi hutoa kama kilo moja. Yakinyeshewa hushika ukungu mweusi, na hata hayo hayatupwi, hulowekwa na kupikwa yakaitwa *gathot*. Wa Kanda ya Ziwa watakumbuka udaga. Unga wa makopa hupikwa *tiwul*, na nilimtazama Bu akiutengeneza: unga kwenye ungo, mkono wa kulia unanyunyiza maji, wa kushoto unauzungusha ungo, punje zinajiviringa zenyewe mpaka zinakuwa kama ulezi. Maji yakizidi unapata bonge. Yakipungua unga unaziba matundu na katikati kunabaki kubichi. Hutiwa kwenye pia ya mianzi iliyosukwa, juu ya chungu kinachochemka, nusu saa, na huliwa kwa nazi iliyokunwa, mboga ya majani na pilipili ya kusaga. Kando ya barabara huuzwa panzi wa kukaanga, na Mhaya hatahitaji kuelezwa.

Siku ya kuondoka, lori lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja wa jirani. Fito zilifungwa mafungu, vigae vilisimamishwa kwa ubavu ili visivunjike, nguzo nne zililazwa juu kabisa zikiwa zimeviringishwa magunia kwenye ndimi zake. Mawe ya umpak yalibaki pale chini, manne, yakisubiri safari ya pili. Mbah mwenye kiwanja alikuwa ameshaanza kutembeza jembe kati yake, kwenye udongo ambao haukuwahi kuona jua, akisema mvua ikija Novemba atapanda karanga.