Mkoba wa waziri

Kila Juni redio za hapa Arua, Uganda, hazina habari nyingine: ni bajeti tu. Dukani ninakoshika hesabu wanangoja kusikia kama mafuta na sukari vimeongezwa kodi, wakishasikia wanarudi kwenye kazi zao. Mimi nangoja picha ya waziri wa fedha akiinua mkoba.

Mkoba ule ndio bajeti yenyewe. Neno tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa wa kale: bougette, kijifuko cha ngozi. Ukichimba zaidi unafika kwa Warumi, waliokuwa na bulga, na hao nao waliliokota kwa Wagauli, watu wa kale wa Ufaransa ya leo. Siasa iliingia baadaye. Mwaka 1733 Robert Walpole, aliyeongoza serikali ya Uingereza, alitaka kubadili kodi ya mvinyo na tumbaku, wapinzani wake wakatoa kijitabu cha kejeli wakimchora kama tapeli wa dawa anayefungua mfuko wake mbele ya watu. Kejeli ikazoeleka hadi ikawa lugha ya Bunge. Karne hiyohiyo Wafaransa, wenye mfuko wao, wakaja kulikopa neno kutoka Uingereza. (Riba sijui nani alilipa.)

Walpole angalau alikuwa na kitu cha kufungua. Sheria yetu ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inalitaka Bunge liwe limepitisha bajeti ifikapo tarehe 31 Mei, na hotuba inasomwa Juni. Matia Kasaija, waziri wa fedha wakati huo, aliposoma bajeti ya shilingi trilioni 72.1 pale uwanja wa Kololo, Kampala, tarehe 13 Juni 2024, wabunge walikuwa wameshazipitisha Mei. Waliobaki kushangaa ni sisi wa redio.

Kwenye kikundi chetu cha akiba sanduku ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa akina mama watatu wasio ndugu. Halifunguliwi mpaka tumekaa wote. Pesa zinamiminwa kwenye beseni, wawili wanahesabu kwa sauti, na mkopo hautajwi kabla kila mtu hajajua kilichomo. Kuna aliyewahi kupendekeza viongozi wahesabu peke yao kwanza, eti kuokoa muda. Alizomewa mpaka akacheka mwenyewe.

Kisheria makadirio yanafikishwa Bungeni kufikia tarehe 1 Aprili. Redio zianze kelele wakati huo, mbunge akiwa bado anaweza kupigiwa simu akabadilisha kitu.