Jiko la mkaa halikutengenezwa kwa mkaa

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juma lililopita, baada ya ibada ya nyumba kwa nyumba kule Kibirizi, binti mmoja alinifuata nikiwa mlangoni natafuta kandambili zangu. Ni binti wa kuanika dagaa, mnamfahamu, simtaji. Akasema, "Shikamoo mama. Nataka kukuuliza kitu, ila usinicheke." Marahaba mwanangu, nikamwambia, uliza.

Aliniuliza kama ni kweli kila mtu ana mwili wa pili, mwembamba kama moshi, umejificha ndani ya huu wa nyama, na kwamba kusudi la maisha ya mtu limeandikwa humo, ila wengi wanakufa hawajalisoma. Alikuwa ameyasikia kwenye simu. Huko huko alielekezwa afumbe macho kila alfajiri, ahesabu pumzi mpaka aione nuru. "Nimejaribu siku tisa, mama. Naona giza tu, na njaa inauma."

Sikumcheka. Nilimwomba anipe juma moja, na kwa kuwa najua hayuko peke yake, jibu lake nawaandikia wote.

Kwanza tuwe waungwana. Mambo hayo hayakuzaliwa kwenye simu. Wahindu wana neno la kale la Kisanskriti, sukshma sharira, yaani mwili mwembamba, ule ambao kwa mafundisho yao hubeba akili na pumzi ya uhai na kuvuka nayo kutoka maisha haya hadi mengine. Waislamu wa tarika hapa Ujiji, ambao zikri yao tunaisikia usiku tukiwa kitandani, nao wana elimu yao ndefu juu ya moyo, roho na siri. Watu wenye akili timamu wamekaa na maswali haya karne nyingi. Na sisi? Sisi tunayo sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza, ambayo tunaisoma makaburini jua likichoma, nusu ya waombolezaji wakiwaza gari la kurudi, kisha tunaifunga hadi msiba mwingine.

Ifungueni leo bila msiba. Mstari wa 44: "hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho. Ikiwa uko mwili wa asili, na wa roho pia uko."

Kwa hiyo binti hakuuliza upuuzi. Mwili wa roho uko, Paulo kasema. Lakini shukeni mistari miwili tu, mpaka 46: "Lakini hautangulii ule wa roho, bali ule wa asili, baadaye huja ule wa roho." Hapo ndipo njia zinapoachana. Fundisho la kwenye simu linasema mwili wa roho umeshakuwepo, umefukiwa ndani, kazi yako ni kuuchimbua. Paulo anasema unakuja baadaye, na unakuja kama zao linavyokuja. Anaiita mbegu chembe tupu. Ukipasua punje ya hindi kwa wembe, hata ukiwa mkulima hodari wa Kasulu, hutakuta gunzi ndani yake. Gunzi hulipati kwa kupasua. Utalipata ukikubali kuiachia punje ardhini.

Hapa niseme neno kuhusu Liemba, maana wengine mmeshaanza kutabasamu. Nimeihubiri meli ile kwenye misiba mpaka watoto wanaimalizia hadithi kabla yangu: ilivyoletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Goetzen, Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao 1916 baada ya kuipaka mitambo grisi ili isiharibike, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Mfano mtamu kweli, lakini nimeuacha. Ile ni hadithi ya Lazaro. Iliibuka na chuma kile kile, kutu ikaendelea pale ilipoishia, na imesharudi kwa mafundi mara nyingi. Lazaro, yule aliyefufuliwa na Yesu, naye alizikwa tena. Paulo anazungumzia kitu ambacho hakitarudi kwa fundi.

Sasa lile neno "wa roho". Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, nivumilieni dakika moja ya ubaoni. Ile "-a" yetu ya kuunganisha ina tabia nyingi. Jiko la udongo limefinyangwa kwa udongo. Jiko la mkaa je? Halikutengenezwa kwa mkaa. Ni bati na udongo, unaweza kulibeba, ukiliangusha kidoleni utajua lina uzito. Linaitwa la mkaa kwa sababu ya kinacholiwakisha. Tunaposoma "mwili wa roho" masikio yetu yanasikia jiko la udongo, mwili uliofinyangwa kwa hewa, mkono unapita. Paulo alikuwa anasema jiko la mkaa. Neno lake la Kiyunani, pneumatikos, ndilo alilotumia katika sura ya 2 mstari wa 15 kwa "mtu wa rohoni", na mtu wa rohoni wa Korintho alikuwa na magoti, meno na pengine deni dukani. Mwili wa roho ni mwili hasa, ila anayeuwakisha ni Roho wa Mungu mwenyewe. Huu wa sasa, anaouita wa asili, katika Kiyunani jina lake linatokana na neno la nafsi. Nafsi ndiyo mkaa wake. Na mkaa wa nafsi tunaujua, ikifika saa kumi jioni umeshakuwa majivu.

Mnataka ushahidi? Mwenye mwili wa namna hiyo tunamjua mmoja tu mpaka leo, Yesu aliyefufuka. Tumwangalie alivyoutumia.

Yohana sura ya 21. Wanafunzi saba wako ufukweni mwa ziwa la Tiberia, hawajui wafanye nini na maisha yao. Kiongozi wao wamemwona amefufuka, lakini kesho yao hawaioni. Petro anasema, "Naenda kuvua samaki." Nampenda Petro kwa sentensi hiyo. Mtu akikosa kujua afanye nini, hurudia kile ambacho mikono yake inakijua. Wakatoka usiku kucha wasipate kitu. Ndugu zangu wavuvi wa mwaloni hawahitaji mhubiri kuwaeleza usiku wa namna hiyo. Mbalamwezi ikiwa kali unawasha taa mpaka basi, dagaa hawakusanyiki, mnarudi na mtumbwi unaogonga kama debe tupu, na mwenye chombo anawasubiri nchi kavu.

Kulipokucha, aliyekuwa anawasubiri nchi kavu alikuwa amewasha moto. Sura ya 20 inasema aliingia kwa wanafunzi milango ikiwa imefungwa. Mwili usiozuiwa na komeo! Wewe ungepewa mwili kama huo ungeufanyia nini? Mimi nakiri ningezunguka nao mji mzima nionekane. Yeye aliinama ufukweni akapuliza makaa, akaweka samaki juu yake, na mkate. Kisha akawaita, "Njoni mfungue kinywa." Mwili wa roho unapika kifungua kinywa kwa watu waliolowa na wenye baridi. Kama kuna mafundisho mengine juu ya mwili huo yanayofika hapo, sijayasoma.

Halafu ule moto. Yohana anataja moto wa makaa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu, Petro akiota moto na kumkana Bwana wake, akisema, "Si mimi." Harufu ya mkaa haisahauliki. Hebu fikirini alivyoisikia tena asubuhi ile akitoka majini, nguo zinachuruzika. Hakuambiwa neno mpaka aliposhiba. Mstari wa 15 unaanza, "Basi walipokwisha kula", na hapo ndipo kusudi la maisha ya Petro lilipotajwa kwa maneno mawili matatu: lisha kondoo zangu. Alilipewa ana harufu ya samaki mikononi, kando ya moto uliofanana na ule wa usiku alipomkana Bwana. Na alichofanya mara baada ya kulipokea? Aligeuka nyuma akamwona mwenzake, akauliza, "Bwana, na huyu je?" Kumbe ugonjwa huo si wa leo. Unapewa lako, jicho linaruka kwenye la jirani.

Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, kaka mmoja wa mwaloni aliniambia, "Mama, mimi ni mvuvi. Ziwa likifungwa, mimi ni nani?" Nikamjibu haraka haraka kwa Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani, ulioandikwa kwenye vikombe na kwenye vioo vya bajaji. Akaniambia, "Mama, na ya juu yake umesoma?" Niliona haya. Ya juu yake ni barua kwa mateka waliohamishiwa Babeli. Inawaambia wajenge nyumba hapo walipo, wapande bustani, wauombee mji walikopelekwa, maana watakaa miaka 70. Katika mkoa wenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tulipaswa kuwa wa kwanza kuisoma barua hiyo kuanzia juu.

Na kwa kuwa nimetaja wakimbizi, niungame na langu. Mei 2015 nilikuwa nimestaafu, watoto wameondoka, nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nikajifungia chumbani kufunga na kuomba, nimwulize Mungu kusudi langu lililobaki. Wakati huo huo Warundi walikuwa wanamiminika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kipindupindu kikawaingilia huko. Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwaleta mjini. Walipumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yanawapeleka Nyarugusu. Siku yangu ya tatu ya kufunga, mlango ukagongwa. Anatafutwa mtu anayesikia Kirundi, na mnajua Kiha na Kirundi vinasikilizana. Nikajibu nikiwa ndani kwamba niko kwenye maombi. Akagonga tena.

Nilikwenda uso umekunjamana. Nilirudi huko siku kumi na moja. Hakukuwa na la kutungia wimbo: kumwuliza mama jina la mtoto, kuonyesha foleni ya maji iko wapi, kurudia kwamba maji haya yamewekwa dawa ndiyo maana yananuka, kunyweni tu. Mzee mmoja alinishika kiganja akaniuliza hapa ni wapi. Nikamwambia umefika Kigoma, baba. Akaendelea kunishika, hana swali jingine. Nuru sikuiona. Nilirudi nyumbani miguu imevimba, nikapiga magoti na kumlalamikia Mungu kwamba nilifunga siku tatu na hakunijibu. Malalamiko hayo niliyaendeleza karibu miaka minne, kisha siku moja nikiwa naosha vyombo nikacheka peke yangu mpaka jirani akachungulia.

Sasa binti yangu, turudi kwako. Kukaa kimya alfajiri si dhambi, endelea, ila mtaje Bwana badala ya kuhesabu. Giza uliloliona ni la kila anayefumba macho, lisikutishe. Na ile njaa ni mwili wa asili unakuambia ukweli. Kula kwanza.

Kuna kitu nimekiona, nacho nakisema bila kukipa jina kubwa. Masika iliyopita mvua ilipopiga ghafla saa nane mchana, ulikusanya dagaa wako kwenye vichanja, kisha ukakimbilia vya jirani aliyekuwa zahanati na mtoto, ukavifunika kwa turubai lako mwenyewe, wako waliobaki wakalowa. Nilikuwa barazani kwa fundi cherehani, nimeona. Sikuambii kwamba hilo ndilo kusudi lako. Nimeona tu, na nadhani siko peke yangu niliyeona.

Sura ile ya 15, baada ya parapanda na mauti kumezwa, inamalizika kwa habari ya kazi: "taabu yenu siyo bure katika Bwana." Na mstari unaofuata, wa kwanza wa sura ya 16, msishangae, unahusu changizo. Paulo ametoka kwenye miili ya utukufu, hajameza hata mate, anauliza habari za mchango wa watakatifu. Zamani nilidhani ameharibu utamu.

Basi, kuhusu mchango. Paa la mama yetu mjane wa Bangwe: bati kumi na nne zimepatikana, zimebaki sita. Misumari ya bati bado kabisa. Mafundi wawili wamejitolea Jumamosi, tunaanza saa moja kabla jua halijawa kali. Mkaa ninao mimi. Ndugu wa mwaloni wamesema wakipata kitu usiku wa Ijumaa wataleta migebuka, na wasipopata, tutapika maharage.