Mkalimani niliyemzamisha gizani

Nimerudi kutoka mazoezini saa tano usiku, vidole vikinuka gundi ya vikaragosi, na usingizi hauna dalili. Kazi yangu haitajiki kwa neno moja: naandika tamthilia, naongoza, nachonga vikaragosi, nashona maleba, napanga taa. Nilijivunia sana wingi huo wa kazi mpaka usiku wa onyesho moja, miaka iliyopita.

Mkalimani wa lugha ya alama tulimwita zikiwa zimebaki siku mbili tu. Nikamsimamisha pembeni, mbali na waigizaji, asije akawavuruga. Kisha mimi yuleyule, safari hii nikiwa kwenye taa, nikalizamisha jukwaa lote katika buluu iliyokolea, pale mama anapomuaga mwanawe. Ilipendeza mno. Mikono ya mkalimani haikuonekana kabisa. Baada ya onyesho, mtazamaji mmoja kiziwi akanionyesha alichoandika kwenye simu: "Yule mama alimwambia nini mwanawe?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku hizi mkalimani anaanza nasi siku ya kwanza ya mazoezi. Katika igizo tunaloliandaa yeye ni kivuli cha bibi. Bibi akienda, naye yumo nyuma yake, hivyo macho ya kiziwi hayahangaiki kati ya pembe mbili za jukwaa. Mwigizaji wetu asiyeona tumemtandikia kamba nyembamba chini ya utepe sakafuni, na nyayo zake zinaifuata hadi kitini. Hata uandishi wangu umebadilika. Palikuwa na barua inayofunguliwa kimya. Sasa bahasha inachanwa kwa sauti, na mtoto anauliza, "Mbona mikono inakutetemeka?" Niliuandika mstari huo kwa ajili ya wasioona. Leo ndio ninaoupenda kuliko yote katika tamthilia nzima.

Mfadhili mmoja aliniuliza, "Kwani watakuja wangapi?" Swali hilo bado linanichoma. Watakujaje mahali ambapo hawajawahi kutengewa nafasi? Tena anawawazia wenye ulemavu kama watazamaji tu. Mwaka 2019 mwigizaji Ali Stroker alikuwa mtu wa kwanza anayetumia kiti cha magurudumu kushinda Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya jukwaani nchini Marekani. Ilibidi asubiri nyuma ya jukwaa, kwa sababu kutoka kwenye viti vya hadhira hapakuwa na njia ya kumpandisha jukwaani. Ilhali Graeae, kikundi cha Uingereza kinachoongozwa na wasanii wenye ulemavu, kilianzishwa tangu mwaka 1980. Ujuzi upo, na umekuwepo muda mrefu.

Kesho ni zamu ya mwigizaji wetu wa kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimemchorea njia ya mteremko nyuma ya pazia, akaikataa: anataka kuingia akionekana, tena kwa kasi. Ana haki. Kanuni inayotumika sana ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, kwa hiyo jukwaa letu la sentimita 60 linadai mteremko wa zaidi ya mita saba. Nimeupitisha katikati ya hadhira, uwe ndiyo barabara anayorudia nyumbani kutoka vitani. Nimeuchora mara nne usiku huu. Bado safu mbili za viti zinabana pale pa kugeuzia. Nitaziondoa.